Miti ya Dawa katika Vita vya Minyoo na Kupe

Litajwapo neno utamaduni, wengi wetu hufikiri mara moja juu ya ngoma, nyimbo, vinyago na mavazi. Fikra hiyo ina sababu yake. Mwalimu Nyerere alipotangaza mwezi Desemba 1962 kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, mfano aliouweka mbele ya taifa ulikuwa ule wa ngoma zetu zilizodharauliwa, na tangu hapo ngoma zimeshika mahali pa kwanza. Lakini utamaduni wa watu ni pamoja na jinsi walivyoyalinda matumbo ya watoto wao na damu ya mifugo yao. Wala ngoma yenyewe haichezwi na mtu aliyelegezwa na safura. Katika makala haya twakusudia kuitazama sehemu hiyo ya utamaduni isiyo na vishindo: elimu ya miti iliyotumiwa kupigana na minyoo na wadudu waishio ndani ya miili ya watu na wanyama, au juu ya ngozi zao, na kujilisha kwao. Wataalamu wa leo huwaita vimelea, nasi tutawaita hivyo.

Tunalodai ni jambo moja. Elimu hiyo haikuzaliwa na ndoto wala mizimu peke yake. Ilizaliwa na macho yaliyotazama kwa uangalifu, kizazi baada ya kizazi. Kwa hiyo yastahili kupimwa kama ipimwavyo elimu nyingine yoyote, na kuisifu bila ya kuipima ni namna nyingine ya kuidharau.

Lugha ni shahidi wetu wa kwanza. Mswahili wa zamani hakuwa na hadubini, lakini alimtenga tegu, yule mnyoo bapa wa pingili pingili aingiaye mwilini kwa nyama isiyoiva, na chango, mnyoo wa mviringo awatokaye watoto. Aliyatambua maradhi ya safura kwa uso uliovimba na kupauka, kwa pumzi fupi na kwa uchu wa kula udongo. Akakitambua kichocho kwa mkojo wa damu. Hata hivyo tusiyatie maneno hayo maarifa yasiyokuwamo. Safura ni jina lililotoka katika Kiarabu, nalo lataja rangi ya mgonjwa, si mnyoo mdogo anyonyaye damu ndani ya utumbo. Neno mchango nalo, huko pwani, lilikusanya maumivu mengi ya tumbo ambayo mengine hayana mnyoo hata mmoja. Wala hakuna aliyejua kwamba kichocho hupitia kwa konokono wa majini, jambo ambalo hata Wazungu hawakulithibitisha mpaka mwaka 1915 huko Misri. Wazee wetu walijua walichoweza kukiona. Swali la mwanahistoria ni hili: nani aliweza kuona zaidi?

Kwa maoni yetu, waliotangulia mbele ni wafugaji. Mkulima humwona mnyoo akishatoka tu, lakini mfugaji humwona pale pale alipo. Kila achinjapo kondoo na kumpasua, hukuta katika tumbo la nne vile vinyoo vyembamba vyenye mistari myekundu na myeupe, na katika ini hukuta wale wadudu bapa mfano wa majani. Alikwisha mwona kondoo huyo tangu alipokuwa hai: akikonda penye majani tele, manyoya yakisimama, uvimbe ukining'inia chini ya taya. Akawa na uwezo wa kuulinganisha ugonjwa wa nje na kisa chake cha ndani, kazi ambayo daktari wa watu huifanya kwa nadra sana. Tena, akimnywesha mnyama dawa jioni, kinyesi cha asubuhi humjibu bila ya upendeleo. Mtu mwenye kondoo mia ana majaribio mia, na kila mwaka mvua zirudipo minyoo hurudi nayo majaribio huanza upya. Hatuoni shule iliyo bora kuliko hiyo kwa mtu asiye na kalamu.

Miongoni mwa dawa zilizotoka katika shule hiyo, iliyo mashuhuri kuliko zote ni ya mti ambao Wamaasai huuita olmukutan. Ni mti wa nchi kame, wa kimo cha wastani, uchanuao maua meupe yenye nyuzi nyingi. Magome ya shina au ya mizizi hubambuliwa, hukaushwa, hupondwa na kuchemshwa. Maji yake ni machungu, nayo hunywewa yakiwa yamechanganywa na mchuzi wa nyama au maziwa. Watu hunywa, na mbuzi, kondoo na ndama hunyweshwa. Dawa hiyo huendesha tumbo kwa nguvu, na minyoo hutoka. Si Wamaasai peke yao waijuao. Wasamburu wa Kenya wanaijua, na Wakaramoja wa Uganda pia, ijapokuwa kila watu wana jina lao. Wataalamu wa mimea wauita mti huo kwa Kilatini Albizia anthelmintica, na neno lile la pili maana yake ni "yenye kupinga minyoo". Jina hilo halikutokana na majaribio ya maabara ya Ulaya. Lilitokana na habari zilizopatikana Ethiopia, ambako watu walikuwa wakiutumia tangu zamani wakiuita musenna. Hivyo basi jina la kitaalamu lenyewe ni ushuhuda wa Mwafrika ulioandikwa kwa lugha ya kigeni.

Wamaasai wana desturi inayoeleza mengi juu ya elimu hii. Vijana wa moran hutengana na maboma wakaenda kwenye kambi ya nyama iitwayo olpul, na huko hula nyama na kunywa mchuzi uliotiwa magome na mizizi ya miti mbalimbali. Wasafiri wa zamani waliona ulafi wa nyama tu. Ukweli ni kwamba nyama ile na miti ile vilikwenda pamoja; mla nyama nyingi alijua kwamba tumbo lake lataka ulinzi. Ndiko huko kijana alikojifunza kuutambua mti kwa gome lake, kwa harufu yake na kwa uchungu wake.

Dawa ya pili ya nyanda za juu ni kichaka kiitwacho na Wamaasai oseketeki, chenye majani madogo ya kung'aa na matunda madogo ya mviringo. Matunda hayo husagwa na kunywewa ili kufukuza minyoo. Hapa msomaji atuvumilie kidogo, kwani jambo lenyewe lina uzito. Oseketeki ni wa jamaa moja ya mimea pamoja na enkoko, mmea ambao Waethiopia huutumia kumtoa tegu. Na jamaa hiyo hiyo ndimo ulimo mmea uitwao vidanga, ambao Wahindi wameutumia kwa minyoo tangu zama za vitabu vyao vya kale vya uganga. Wamaasai, Waethiopia na Wahindi hawakukaa baraza moja wakapatana. Kila mmoja kwa upande wake, katika maelfu ya mimea iliyomzunguka, alinyosha mkono akagusa ukoo ule ule, na wanakemia wa baadaye wakakuta katika matunda ya ukoo huo kitu kimoja chenye rangi ya dhahabu kiitwacho embelini. Atakayesema kwamba dawa za mababu zilichaguliwa kwa kubahatisha atueleze bahati ya namna hiyo.

Kipimo nacho kilikuwa sehemu ya elimu. Dawa ya minyoo kwa kawaida hunywewa asubuhi kabla ya kula kitu, ili mnyoo asipate pa kujificha katika chakula. Kiasi hupimwa kwa konzi ya mkono, kwa kikombe cha kibuyu au kwa urefu wa kipande cha gome, nacho hupunguzwa kwa mtoto, kwa mzee na kwa aliyedhoofika. Waganga waangalifu hawakumpa mwanamke mwenye mimba. Vipimo hivyo havina usahihi wa mizani ya duka la dawa, na hapo ndipo udhaifu mkubwa wa elimu hii ulipo, maana gome la mti mmoja laweza kuwa kali kuliko la mwenziwe, na la kiangazi kuliko la masika. Katika nyanda za Ethiopia maua yaliyokaushwa ya mti uitwao koso yalikuwa dawa kuu ya tegu, kwa kuwa watu wa huko hupenda nyama mbichi, na katika karne ya 19 maua hayo yaliingia mpaka katika maduka ya dawa ya Ulaya. Lakini aliyezidisha koso aliweza kupofuka macho, hata kufa. Mti huo huota pia katika misitu ya juu ya milima yetu, kama vile Kilimanjaro na Meru. Tunalisema jambo hili waziwazi kwa sababu siku hizi wako wauzao dawa mijini kwa kauli kwamba dawa ya mti haina madhara. Mababu hawakusema hivyo. Walijua kwamba kimuuacho mnyoo ni sumu, na kwamba kazi ya mganga ni kumwua mnyoo kabla ya kumwua mgonjwa.

Jambo hilo laonekana vizuri zaidi katika dawa za kupe. Utupa ni mmea ujulikanao na wavuvi wengi: majani yake hupondwa na kutiwa katika bwawa, na samaki huelea juu, pumzi zimewakatika. Majani hayo hayo, yakilowekwa katika maji na ng'ombe akaoshwa kwa maji hayo, huwaua kupe. Na maji ya tumbaku hutumiwa vivyo hivyo kwa kupe, chawa na utitiri wa kuku. Sumu iliyomo katika utupa, iitwayo rotenoni, ilikuja kutengenezwa viwandani na kuuzwa duniani kote kama dawa ya wadudu. Mfugaji aliyemwosha ng'ombe wake alikuwa na kazi ya pili ya kuangalia mahali pa kuyamwaga mabaki.

Hata hivyo kumwua kupe si kuponya ugonjwa alioleta. Miti mingi imetajwa kuwa dawa ya ndigana kali, maradhi ambayo Wamaasai huyaita oltikana, lakini kinga yenye nguvu ya mfugaji haikuwa katika chungu cha dawa. Ilikuwa katika kuchagua malisho, kuchoma nyasi kuukuu zilizojaa kupe, kuwabandua kupe kwa mkono, na kuwatunza ndama waliougua wakapona, kwani hao hubaki na kinga mwilini. Robert Koch alipokuwa Dar es Salaam mwaka 1897 aliviona vijidudu katika damu ya ng'ombe, lakini akaudhania ugonjwa huo kuwa mwingine. Na mpaka mwaka 1904 ndipo ilipothibitishwa huko Afrika Kusini kwamba ndigana kali huletwa na kupe wa kahawia. Kwa habari ya mbung'o, mwanahistoria Helge Kjekshus katika kitabu chake cha mwaka 1977 alionyesha jinsi wakulima na wafugaji wa nchi hii walivyokuwa wakimzuia kwa kulima, kuchoma na kulisha vichaka, mpaka sotoka ya miaka ya 1890, vita na njaa zilipowaondoa watu na ng'ombe, na pori likarudi na mbung'o wake. Wanahistoria wengine wamemlaumu kwa kuupamba mno wakati uliotangulia wakoloni, na kwa kiasi wana haki. Lakini katika jambo hili tunaona alisema kweli: dawa ya mti ilikuwa silaha moja tu katika ghala kubwa, na ghala lenyewe lilipovunjwa, silaha hiyo ilionekana hafifu kuliko ilivyokuwa.

Pwani mambo yalikuwa na sura nyingine. Huko elimu ya miti ilikuwa imechanganyika na biashara ya bahari. Gome la mzizi wa mkomamanga, dawa ya tegu iliyojulikana tangu Misri ya kale na kuandikwa na matabibu wa Kiarabu, lilipatikana katika nyua za miji. Sanamaki ilinunuliwa dukani ili kuendesha tumbo baada ya dawa ya minyoo. Mwarobaini ulitoka Bara Hindi, na leo hakuna anayeuona kuwa mgeni. Mbegu za papai, ambazo kila bibi huzijua kuwa dawa ya minyoo ya watoto, ni za tunda lililotoka Marekani ya kitropiki, nalo halikufika kwetu kabla ya Wareno kuanza safari zao. Kwa hiyo wanaosema dawa za jadi kana kwamba zilikuwa zimekaa mahali pamoja tangu kuumbwa kwa ulimwengu hawasemi kweli. Bibi wa pwani alipoletewa tunda jipya alilijaribu, akaona lifaalo, akalitia katika elimu yake bila ya kuuliza pasi yake ya kusafiria.

Lakini maradhi mapya hayakungoja. Funza wa miguuni aliletwa Angola kwa merikebu iliyotoka Brazili mwaka 1872, akalivuka bara zima, na kabla ya karne ile kwisha alikuwa amefika pwani yetu. Watu walimtoa kwa mwiba na kwa sindano, na wengi walipoteza vidole kabla ya kujifunza hata hilo. Hakuna babu aliyekuwa na mti wa kumwonyesha mjukuu wake.

Sasa tuje kwa wakoloni. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha huko Amani, katika milima ya Usambara, kituo kikubwa cha utafiti wa mimea na kilimo. Miongoni mwa miti waliyoipanda ulikuwamo mkwinini, na wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, walipokuwa wamezingirwa na meli za Waingereza, dawa iliyowalinda askari wao na malaria ilitengenezwa kwa magome ya Amani. Ilikuwa chungu mno, nao wakaipachika kwa mzaha jina la pombe ya jemadari wao Lettow. Na gome la mkwinini ni nini? Ni dawa ya mti kutoka milima ya Amerika ya Kusini, iliyopata kujulikana Ulaya katika karne ya 17 kupitia kwa mapadre na waganga wa huko. Dola lile lililoliheshimu gome la nchi ya mbali halikutega sikio kwa magome yaliyokuwa yakichemshwa chini ya mlima ule ule. Waingereza waliofuata walitunga Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, na ijapokuwa shabaha yake ilikuwa mchawi, katika mazungumzo ya ofisini na ya kanisani mchawi, mpiga ramli na mtoa dawa ya minyoo walitiwa katika kapu moja. Mtoa dawa akajifunza kunyamaza. Usiri wake, ambao zamani ulikuwa wa kulinda riziki, sasa ukawa wa kulinda pia usalama wake. Na mzee aliyenyamaza alipokufa, mti ulibaki msituni bila ya jina.

Haki yataka tuseme kwamba walikuwako wageni waliosikiliza. Peter Bally alichapisha mwaka 1937 orodha ya mimea ya dawa na ya sumu ya Afrika ya Mashariki. Fritz Haerdi, Mswisi aliyefanya kazi Ifakara, aliandika mwaka 1964 juu ya mimea ya dawa ya wilaya ya Ulanga. Na mwaka 1976 mwenzetu wa Kenya, J. O. Kokwaro, alitoa kitabu chake juu ya mimea ya dawa ya Afrika ya Mashariki nzima. Kazi hizo ni hazina. Lakini katika vitabu vya namna hiyo aghalabu mti hutajwa kwa Kilatini pamoja na jina la Mzungu aliyeuandika mara ya kwanza, na mzee aliyeuonyesha kwa kidole hatajwi.

Kwa sababu hiyo twapenda kukaa kidogo juu ya kisa cha milima ya Mahale, katika Mkoa wa Kigoma, nchi ya Watongwe. Wataalamu wa Kijapani walianza kuwachunguza sokwe wa huko mwaka 1965, na mwaka 1985 milima hiyo ikawa Hifadhi ya Taifa. Mwezi Novemba 1987 mtafiti Michael Huffman alikuwa akimfuata sokwe jike aitwaye Chausiku pamoja na Bwana Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mfanyakazi wa wanyama pori, aliyelelewa katika ukoo wa waganga. Sokwe yule alionekana mgonjwa: hakula sawasawa, alilala mchana, hakujali wenziwe. Akaukaribia mti mmoja mdogo, akakata matawi machanga, akayaondoa majani na gome kwa makini, akatafuna kiini chake, akameza maji na kuzitema nyuzi. Sokwe wengine wazima waliokuwa karibu hawakuugusa mti ule. Huffman akauliza ni mti gani. Bwana Kalunde akamwambia kwamba ni mjonso, nao ni dawa. Watongwe huutumia kwa maumivu ya tumbo, kwa minyoo na kwa homa. Katika muda upatao siku moja Chausiku akawa mzima, na muda huo wafanana na ule ambao Watongwe wenyewe husema dawa hiyo huchukua kwa binadamu.

Mjonso si mti wa Mahale peke yake. Ndio Vernonia amygdalina wa vitabuni, ujulikanao kwa uchungu wake karibu katika Afrika nzima. Warundi na Wanyarwanda huuita umubirizi, na Waganda huuita omululuza. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba sumu iliyo kali zaidi imo katika majani na gome, navyo ndivyo sokwe yule alivyovitupa. Sokwe mwingine aliyechunguzwa baadaye alikutwa na mayai ya minyoo yaliyopungua sana katika kinyesi chake baada ya kutafuna kiini cha mjonso. Tayari mwaka 1983 watafiti Wrangham na Nishida walikuwa wameandika juu ya sokwe wa Gombe na Mahale wanaomeza majani mazima yenye malaika ya kukwaruza, bila ya kuyatafuna. Na ikaja kuonekana kwamba majani hayo hupita tumboni kama brashi na kutoka na minyoo.

Bwana Kalunde alikuwa na hadithi nyingine, ya babu yake. Kijiji chao kilipatwa na maradhi ya kuhara damu, na watu wengi walikuwa wakifa. Babu huyo alimwona nungunungu mchanga mwenye maradhi kama hayo hayo akichimba na kula mizizi ya mmea uitwao mulengelele, ambao Watongwe walikuwa wakiuepuka kwa kuwa ni wa sumu. Mnyama akapona. Babu akajaribu kwanza kidogo mwilini mwake mwenyewe, kisha ndipo alipowashawishi wanakijiji wawape wagonjwa. Dawa ikabaki katika ukoo, ikapita kwa binti yake, ikafika kwa mjukuu. Tuitazame hadithi hii bila ya mapambo. Ndani yake mna uchunguzi, mna kulinganisha dalili, mna hofu ya sumu, mna jaribio la kipimo kidogo, na mna mtu aliyeanza na nafsi yake kabla ya kuwapa wengine. Mwaka 1989 habari ya Chausiku na mjonso ilipochapishwa katika jarida la kitaalamu, majina mawili yaliandikwa juu yake, na la pili lilikuwa la Mtongwe.

Serikali zetu nazo hazikukaa kimya. Mwaka 1974 kilianzishwa Muhimbili kitengo cha utafiti wa dawa za asili, miaka minne kabla ya mkutano wa Alma-Ata kulitaja suala la waganga wa jadi mbele ya mataifa. Mwaka 1991 kitengo hicho kikawa taasisi kamili. Mwaka 2002 Bunge la Tanzania lilipitisha Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala, na mganga akapata baraza la kumsajili.

Majaribio yenyewe yametoa majibu ya kusumbua. Mwaka 2003 John Githiori na wenzake walichapisha matokeo ya olmukutan kwa kondoo nchini Kenya, nao hawakuona minyoo ikipungua kwa kiasi cha maana. Mwaka uliofuata watafiti wengine waliofanya kazi Samburu walitoa matokeo ya gome lile lile kwa kondoo wenye minyoo ya malishoni, na kwao minyoo ilipungua sana, ingawa dawa ya dukani iliishinda. Wako waliochagua jibu moja na kuliacha jingine, kila mtu kwa mapenzi yake. Sisi twaona majibu yote mawili yafaa kushikwa. Mnyoo wa jaribio la kwanza alikuwa wa aina moja iliyochaguliwa. Wa Samburu walikuwa mchanganyiko. Gome hutofautiana kwa mahali, kwa msimu na kwa namna ya kupikwa. Mfugaji amjuaye mtoaji dawa wake hujua pia gome limetoka bonde gani, na elimu hiyo haimo katika gunia linalopelekwa maabara. Jambo hili si la mabishano ya wasomi tu. Miaka ya 1980 majosho mengi ya nchi yetu yalipokosa dawa, wafugaji walirudi kwenye miti. Na katika nchi nyingi sasa minyoo ya kondoo imezoea dawa za viwandani hata hazifui dafu.

Iko pia habari ya nani anufaike. Mwaka 1964 Aklilu Lemma wa Ethiopia, alipokuwa akichunguza kichocho huko Adwa, aliwaona konokono wengi wamekufa mtoni, chini kidogo ya mahali wanawake walipokuwa wakifulia nguo kwa povu la matunda ya endodi. Wanawake hao hawakuwa wakitibu kichocho, walikuwa wakifua. Lakini sabuni yao ndiyo iliyokuwa ikimwua mpitishaji wa maradhi. Lemma na mwenziwe Legesse Wolde-Yohannes walifanya kazi ya miaka mingi kuitetea dawa hiyo mbele ya wakubwa wa afya wa dunia, ambao hawakuwa na haraka ya kukiamini kitu kilichothibitishwa katika maabara ya Addis Ababa, na mwaka 1989 walipewa tuzo ya kimataifa. Baadaye chuo kikuu kimoja cha Marekani kilijipatia hataza ya kutumia endodi kuua kombe waharibifu wa mabomba ya maji. Wafuaji wa Adwa hawakuwamo katika karatasi hizo.

Na miti yenyewe? Waganga wengi wa nchi zetu wana desturi ya kubambua gome upande wa mawio na upande wa machweo tu, na mwenye kuuliza sababu huambiwa kwamba hizo ndizo pande zenye nguvu, maana jua hupita hapo. Sababu hiyo wasomi huicheka. Lakini mti uliochukuliwa gome pande mbili hubaki na pande mbili nyingine za kupitishia chakula chake kutoka majani mpaka mizizi, nao huponya majeraha yake ukaishi kumtibu mtoto wa mganga. Siku hizi magome huuzwa kwa mafungu kando ya barabara za Arusha na Dar es Salaam, na mkataji anayelipwa kwa gunia hana habari ya mawio wala machweo. Hulizunguka shina zima kwa panga. Mti wa namna hiyo hukauka kuanzia kileleni, hata mvua zikiwa nyingi, na anayekuja baada yake na kibuyu chake hana budi kwenda bonde la pili.